Kaza Kumi na Tano

Mtaani walimwita Kipimo, na jina hilo hakupewa bure. Fundi huyu wa kompyuta hakuwa mtu wa kukisia. Mteja akimwambia mashine yake inachemka kidogo, alimwuliza kidogo hicho ni nyuzi ngapi. Nyumbani alipima maji ya kuoga kwa kipimajoto na pazia mara tatu kabla ya kulikata, na mumewe alipenda kusimulia kwamba hata siku ya kumposa aliambiwa asubiri wiki mbili, jibu linapimwa. Watu walimcheka, kisha wakampelekea mashine zao. Kazi iliyotoka mezani kwake ilikuwa haijui njia ya kurudi.

Mtu mmoja tu hakuwahi kumcheka, naye ni baba mkwe wake. Mzee huyo aliendesha malori miaka thelathini na minne, na dereva aliyeshusha mzigo mlimani hawezi kumcheka anayepima. Goti lilipomstaafisha, Kipimo alimwekea chumbani kompyuta ya zamani, usukani wa plastiki, kanyagio tatu chini ya meza, na mchezo wa kuendesha malori. Wenzake wa zamani watatu nao walijipatia mchezo uleule, kila mtu kwake. Basi kila Jumapili saa nne asubuhi walikutana mtandaoni, wakapanga msafara na kusafirisha mizigo ambayo haipo kwenda miji ambayo haipo, huku wakigombana kwenye hedifoni kama enzi zao. Mzee ndiye aliyeongoza. Tangu barabara za kweli walimwita Mzee wa Mbele.

Matatizo yalianza mchezo uliposasishwa ukawa mzito. Picha ikawa inakatika. Lori liko mita hamsini nyuma ya lori jingine, halafu kufumba na kufumbua liko ndani yake. Jumapili ya kwanza mzee alipogeuza kwenye mzunguko alimgonga Breki, rafiki yake mkubwa, aliyekuwa ametoka kwenye foleni akamtangulia. Jumapili ya pili akamgonga tena, tena mgongoni. Breki, ambaye ulimi wake haukuwahi kuwa na breki, alitangaza kwenye hedifoni: "Ikifika ajali ya tatu, Mzee wa Mbele anakaa mkiani. Uzee nao ni ugonjwa, ndugu yangu."

Wenzake walicheka. Mzee alicheka nao, akavua hedifoni, na tangu siku hiyo hakutoka nje ya geti. Duka la kona, alilokuwa akiliendea kila asubuhi kwa fimbo yake, akawa anamtuma mwanawe. Alisema goti linauma. Lakini Kipimo alimwona akinyoosha mkono mbele ya dirisha, akiutazama kama unatetemeka, na akaelewa kwamba mzee hakuwa na shida na goti. Alikuwa ameamini kwamba macho na mikono vimemuaga, na kama vimemuaga mezani, barabarani vitamfanya nini?

Wiki tatu zikapita hivyo. Ijumaa ya wiki ya tatu Kipimo alikata kauli.

"Shikamoo baba. Naomba nipime."

"Marahaba. Unipime mimi?"

"Nipime mashine. Wewe nitakupima ikibaki nafasi."

Aliwasha kipimo cha picha kwenye kona ya skrini. Mchezo ulitoa picha arobaini na nne kwa sekunde, ukaporomoka hadi ishirini na mbili, ukapanda, ukaporomoka tena. Kadi ya picha, ile inayochora kila kitu kinachoonekana, ilikuwa imefika nyuzi themanini na saba na inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Akafungua boksi. Vumbi lililokuwa kwenye feni lingetosha kujaza mto. Akalipuliza, akafuta dawa ya kupitisha joto iliyokaukia juu ya chipu, akapaka mpya, akarudisha kipoza joto na kufunga skrubu zake nne.

"Sasa nakaza," alimwambia mzee aliyekuwa ameinama akitazama, "si sana. Ikikaa vizuri inatosha."

Nyuzi zikashuka hadi sitini na nane. Kuporomoka kukaisha, lakini arobaini na nne ikabaki arobaini na nne, na yeye alitaka hamsini. Kadi mpya isingeingia kwenye mashine ile ya kale hata kwa kusukumwa. Iliyopo ndiyo ilipaswa kuongezewa mwendo kuliko ule iliotoka nao kiwandani. Jambo hilo halina uchawi, na halina haja ya ujasiri pia. Wanaounguza kadi ni wale wanaoruka ngazi. Unafungua programu, unasogeza kasi ya chipu megahetsi kumi na tano, unaijaribu nusu saa, unatazama joto na unatafuta madoa kwenye picha. Ikitulia, kumi na tano nyingine. Umeme wa chipu huugusi. Kipimo alipanda ngazi tatu jioni ile, mzee akiandika kila kipimo kwenye daftari kwa herufi kubwa, kisha akaaga.

Jumamosi alikuwa kwenye ofisi moja, mashine sita zimefunguliwa mbele yake na karani amemsimamia kichwani, simu ikalia.

"Mama, niendelee?" Mzee alikuwa na sauti ya mtu aliyekwisha kuvaa viatu. "Kesho si mbali."

Kipimo alimwamini. Alimwona jana jinsi anavyoshika mambo. Akabana simu kwa bega, akasema haraka, "Endelea baba. Ikaze kumi na tano, uipe nusu saa, utazame joto. Ikitulia, ikaze kumi na tano tena."

"Kumi na tano?"

"Kumi na tano."

Mwanamke huyu, aliyepima kila kitu maishani mwake, hakulipima neno lake mwenyewe. Jana kasi aliipandisha. Alichokikaza ni skrubu. Na ukimwambia dereva wa malori wa miaka thelathini na minne akaze kumi na tano, atafanya nini? Atafuata spana namba kumi na tano. Mzee aliitoa chini ya kitanda, kwenye kisanduku cha vifaa alichokataa kukigawa. Akafungua boksi, akakuta skrubu ndogo kama punje za mchele, akacheka, akairudisha spana na kuchukua bisibisi. Akakaza kwa mkono uliozoea nati za tairi.

Saa saba simu ililia tena.

"Mama, nimeikaza mpaka imelia."

"Imelia?"

"Imelia kwii. Sasa picha ina madoadoa na ile namba ya joto inasema tisini na tatu."

Kipimo aliinuka akitafuta mkoba wake. "Baba, zima. Chomoa waya ukutani. Usiguse kitu, nakuja."

Alimkuta mzee ameketi kwenye kiti cha usukani, mikono juu ya magoti, bisibisi mezani mbele yake kama ushahidi. Boksi liko wazi. Kipimo akaona skrubu zimezama hadi mwisho, springi zake zimebanwa zimekuwa bapa, na bodi ya kadi imejipinda kidogo. Hapo akaelewa kila kitu, akakaa sakafuni na kushika kichwa.

"Nimeiua," mzee alisema.

"Ulikaza kwa sababu nilikwambia ukaze. Kosa ni langu, baba."

"Usinibembeleze. Breki amesema kweli. Macho hayaoni, mikono haijui nguvu yake. Mtu kama huyo akae ndani."

Ndilo neno alilolificha wiki tatu, na Kipimo aliumia kulisikia. Lakini hakuwa mtu wa kujibu neno kabla ya kulipima. Alimulika tochi kwenye kona za chipu, moja baada ya nyingine. Haikuwa na ufa. Akalegeza skrubu robo, robo, na bodi ikanyooka taratibu. Dawa ilikuwa imekamuliwa yote upande mmoja, upande wa pili umebaki mkavu. Ndiyo maana joto lilipanda. Akafuta, akapaka upya. Kisha akampa mzee bisibisi.

"Kaza wewe."

"Mimi? Baada ya haya?"

"Wewe. Ukisikia springi inaanza kukataa, acha."

Mzee alishika bisibisi kwa vidole viwili. Akagusa skrubu ya kwanza, akaizungusha kidogo, akasita. "Hizi nazo zinakwenda msalaba? Kama tairi?"

"Msalaba. Kama tairi."

Uso wa mzee ukabadilika. Akaruka kona, akazungusha kidogo, akaruka kona nyingine, akarudi, sikio lake karibu kabisa na kadi. Mkono haukutetemeka hata chembe. Kipimo aliutazama kwa dakika nne nzima, na yeye hutazama kwa makini.

Walipowasha, joto lilisimama sitini na saba. Nyuzi moja chini ya kazi yake mwenyewe ya jana. Mgala muue na haki yake mpe: alimsomea mzee namba hiyo mara mbili.

Basi wakapanda ngazi pamoja alasiri ile, mara hii kwenye skrini. Sitini, sabini na tano, tisini, mia na tano, mia na ishirini. Kumbukumbu ya kadi nayo wakaisogeza kidogo. Picha hamsini kwa sekunde, joto sabini na mbili, hakuna doa. Mzee akachangamka.

"Ongeza!"

Akaongeza. Mia thelathini na tano ilitulia. Mia na hamsini ikaleta nukta nyekundu juu ya lami, zikapotea, zikarudi. Kipimo akarudisha hadi mia na ishirini.

"Lakini mia thelathini na tano ilikuwa safi," mzee alilalamika. "Mbona unaogopa?"

"Baba, lori lako la mwisho liliweza kukimbia ngapi?"

"Mia na arobaini. Lile lilikuwa farasi."

"Ukiwa na mzigo ulikwenda ngapi?"

"Themanini."

"Kwa nini?"

Mzee alimtazama, akatabasamu polepole. "Nirudi nyumbani," alisema, akaandika mia na ishirini kwenye daftari, akapiga mstari chini yake.

Jumapili saa nne alikuwa mbele. Kipimo aliketi kitandani nyuma yake akijifanya anakunja nguo. Mzunguko ule wa ajali ulipofika, Breki alikuwa ametoka kwenye foleni na kumpita kwa kujionyesha, akafunga breki ghafla mbele yake. Mzee aligeuza usukani robo, akapita kando yake kama anampisha mgeni mlangoni, akarudi kwenye njia yake.

"Mzee wa Mbele," Breki alisema mwishowe, "umebadilisha macho?"

"Macho ni yaleyale," alijibu. "Rudi kwenye foleni."

Jumatatu asubuhi Kipimo alikuwa mezani kwake kazini, kadi ya mtu mwingine mkononi, simu ikalia.

"Mama," mzee alisema, pumzi zinamwenda juu juu. "Nimekaza."

Bisibisi ilimdondoka. "Umekaza nini tena, baba?"

"Mwendo. Nimekwenda dukani kwa miguu, nimerudi. Dakika kumi na tano." Alivuta pumzi. "Goti limetulia, halina doa. Kesho nitaongeza kidogo."