Maziwa ya Kibuyu cha Shemeji

Mimi ni fundi cherehani wa Voi, na kazi yangu naifanyia barazani kwangu. Safari yangu ya kila siku hutoka kitandani, hupitia jikoni, huishia kwenye cherehani, na jioni narudi kwa njia ileile. Kuna watu wanaopenda kuzunguka. Mimi nikifika Mwatate tu huanza kujiuliza kama nyumbani nguo zimeanuliwa. Mke wangu husema kuku anayeatamia ananishinda kutembea, maana yeye angalau huinuka akaenda kudonoa.

Kwa hivyo aliponiambia nipande kilimani Mghange kwa dada yake nikamshikie ng'ombe, nilidhani ni utani.

"Nina nguo za watu hapa," nikamwambia.

"Nguo hazikimbii. Daktari wa mifugo anakuja kupima ng'ombe wa kilima kizima, na kila mwenye ng'ombe ameambiwa atafute mtu wa kumshika. Watoto wa dada wote wako mbali. Wewe uko nyumbani tu."

Uko nyumbani tu! Unaweza kushona sare za shule nzima, lakini ukizishonea kwako, basi uko nyumbani tu. Nikafunika cherehani, nikaenda.

Huyo shemeji yangu ni mjane, mkubwa wa mke wangu, na utani wetu ulianza siku niliyokwenda kuposa. Alinitazama miguu kwanza, uso baadaye, akawauliza wazee kama kweli miguu hiyo ndiyo itakayokuwa ikipanda kilima kuwaona wakwe. Tangu siku hiyo sijawahi kufika kwake bila kupokewa na neno. Safari hii alinikuta nimeegemea mti mwembamba wa miiba getini kwake, natafuta pumzi.

"Karibu, mwanamume wa ndani. Umekuja kushika ng'ombe, au ng'ombe ndiye akushike?"

Ng'ombe wake alikuwa wa maziwa, mwekundu mwenye mabaka meupe, na alikuwa na jina ambalo sitaliandika. Hata ng'ombe ana heshima yake. Alifugwa bandani, akiletewa majani ya nepia na maganda ya ndizi. Shemeji alimkama mwenyewe asubuhi na jioni, na maziwa yake yalikuwa na njia mbili. Ya chai yaliingia sufuriani yakachemshwa mpaka yakapanda, kama kwa kila mtu. Ya mala, yale ya kugandisha, yaliingia kibuyuni moja kwa moja, bado na joto la kiwele. Kabla ya hapo kibuyu kilisuguliwa ndani kwa kijinga cha moto mpaka kikafuka moshi, na moshi huo ndio ulioyapa yale maziwa ladha ambayo nikiikumbuka hapa Voi, kwenye joto na vumbi, naweza kuacha suruali ya mtu bila mguu mmoja.

Hakuna aliyeyachemsha ya kibuyu. Mama yake hakuyachemsha, wala bibi yake. Ukichemsha, walisema, yanakuwa maji na hayashikani. Na kazi ya kusafisha, walisema, inafanywa na moshi.

Kwa hayo maziwa shemeji alikuwa na jina. Mwanamke akijifungua pale kilimani haulizwi anataka nini; shemeji anatokea mlangoni na kibuyu. Wanawake wengi pale walinyanyuka kutoka kitanda cha uzazi kwa mala yake, na mwezi ule nyumba ya ng'ambo ya bonde ilikuwa na mzazi, mke wa kijana wa mama mmoja jirani. Kibuyu kilikuwa kikienda na kurudi.

Daktari alikuja asubuhi, mwanamke wa umri mdogo aliyevaa buti za mpira, na akatueleza sababu bila kuzunguka. Dume moja lililotoka upande ule lilichinjwa, na mkaguzi wa nyama akakuta mapafu yake yana uvimbe uvimbe. Kifua kikuu. Ndiyo maana ng'ombe wote wa kilima wanapimwa.

Nikapewa kazi ya kushika pua. Ukiwa umesoma hadi fomu foo na alama ya baiolojia ambayo pia sitaiandika, unaweza kudhani kushika pua ya ng'ombe ni jambo la vidole viwili. Daktari alinyoa manyoya shingoni sehemu mbili, juu na chini, akapima unene wa ngozi kwa chombo kama kibanio, akachoma sindano. Ng'ombe akapiga kichwa kimoja. Mimi nikajikuta nimekaa ndani ya hori, kwenye nepia.

"Amekaa kwenye chakula cha mwenyewe," shemeji akamwambia daktari. "Ndivyo alivyo, hata kwa dada yangu."

Daktari akacheka, halafu akauliza swali lililouondoa utani wote.

"Mama, maziwa mnachemsha?"

"Tutakunywaje chai bila kuchemsha?"

"Na ya mala?"

"Ya mala ni ya kibuyu, daktari. Yale moshi umeshayasafisha."

"Moshi unaleta harufu nzuri. Huyu mdudu wa TB haumfanyi kitu."

"Na ule ukali? Yakichacha?"

"Usiutegemee. Anaweza kukaa humo humo kwenye uchachu. Anayemuua ni moto tu. Yapande yachemke, ndipo uyapoze, uyagandishe."

Mimi nilikuwa nimekunywa bilauri mbili za mala kabla ya daktari kufika. Nikaanza kukohoa palepale.

Majibu ya kipimo kile huonekana baada ya siku tatu, kwa hiyo nikabaki, nikilalamikia baridi ya Mghange na kuuliza habari za cherehani yangu kwa simu kama mtu aliyeacha mgonjwa. Shemeji hakulalamika. Aliyaweka kando maziwa yote, hakupeleka kibuyu ng'ambo, na akienda bandani alikuwa akisimama upande ule wa shingo muda mrefu kuliko kazi iliyompeleka.

Daktari aliporudi hata mimi niliona. Pale pa juu, pa kulinganishia, palikuwa sawa. Pa chini palikuwa pameumuka kama mandazi. Daktari alipima, akapima tena, akavua glavu.

"Pole, mama. Anao."

"Lakini anakula. Mtazame manyoya."

"Ndivyo ulivyo huu ugonjwa. Anaweza kukaa nao miaka na manyoya yake yakang'aa."

Akaeleza yatakayofuata: ng'ombe atengwe, asiuzwe, maziwa yake yamwagwe, na siku ya kuchinjwa mkaguzi awepo. Waliokunywa maziwa mabichi waende kituo cha afya wakaangaliwe. Shemeji aliitikia kila neno kwa kichwa. Daktari alipoondoka kwenda banda la jirani, aliketi kwenye ndoo aliyokuwa ameipindua, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikawa mimi ndiye wa kutafuta neno.

Sijui habari hupita wapi pale kilimani, maana barabara zake ni mbaya, lakini kabla chai haijapoa dalali wa ng'ombe alikuwa getini. Hakuvua hata kofia.

"Mama, pole. Huyu usihangaike naye. Jioni hii hii awe Taveta, sokoni. Huko ni mpakani, mtu ananunua anavuka. Nani ataangalia shingo?"

Nikiri kwamba mimi nilikuwa nimeshatupa jicho kutafuta kamba iko wapi. Ng'ombe ndiye aliyekuwa mshahara wake, heshima yake na mwenzake wa kuongea naye asubuhi. Akiuzwa kimya kimya, hakuna atakayejua kilichokuwa kibuyuni.

Shemeji alimtazama yule bwana.

"Na Taveta hakuna watoto?"

"Ah, mama..."

"Nakuuliza. Huko watoto hawanywi maziwa? Wanakunywa nini, petroli?"

Dalali akanigeukia mimi, mwanamume mwenzake, anisaidie. Nikamwonyesha njia kwa kidole, na najivunia kidole hicho hadi leo, ingawa ukweli ni kwamba nilikuwa nyuma ya shemeji.

Halafu shemeji akaingia ndani, akabadilisha kanga, akatoka.

"Vaa viatu."

"Tunakwenda wapi?"

"Kwa kila mtu niliyempa kibuyu."

Nikamwambia daktari mwenyewe anapita nyumba hadi nyumba, atawaeleza, na yeye amesomea. Shemeji akasema daktari hakumpa mtu maziwa. Akateremka bondeni, mimi nyuma, nikishika vichaka.

Tulianza kwenye nyumba yenye mzazi. Mama mkwe wa yule binti alikuwa anapeta maharage uani, akatupokea kwa furaha, akauliza mbona leo mikono mitupu. Shemeji hakuketi.

"Nimekuja uyasikie kutoka kwangu. Ng'ombe wangu ana TB. Mala niliyokuwa nikimletea mkwe wako haikuchemshwa. Mpeleke kituoni akaangaliwe, na wewe uende kama ulionja. Mimi nakwenda kesho."

Ungo ulisimama hewani.

"Ulikuwa unajua?"

"Sikujua."

"Miaka yote unajisifu mikono yako misafi! Umemnywesha mke wa mwanangu ugonjwa, kwenye kitanda cha uzazi!"

"Ndilo nililokuja kusema."

"Toka kwangu. Na kibuyu chako uondoke nacho."

Kibuyu kikaletwa, kikawekwa chini, si mkononi. Shemeji akainama, akakiokota, akasema asante. Nilitaka kumwambia yatosha, turudi. Lakini alikuwa ameshashika njia ya nyumba inayofuata, na huko akasema maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule, bila kupunguza hata lile la kwamba hayakuchemshwa. Nyumba moja walimpa pole. Nyingine waliendelea na kazi zao mpaka tukaaga wenyewe. Nyumba moja mzee alicheka akasema yeye amekunywa maziwa mabichi tangu mkoloni na yuko hapa. Shemeji akamwambia basi aende kituoni awape habari hiyo njema, ila aende.

Nimeshona nguo za maharusi, za wachungaji na za mheshimiwa mmoja, na nimewapima wote vifua. Sijawahi kukutana na kifua kama cha yule mwanamke akipanda kilima na vibuyu vyake vimerudishwa, kimoja juu ya kingine, kama mtu anayetoka sokoni.

Kesho yake tulijaa kituo cha afya. Muuguzi alimuuliza kila mtu maswali yake: jasho la usiku, kukonda, uvimbe wa shingo, kikohozi. Kwangu alisimama.

"Umekohoa tangu lini?"

"Tangu nilipoambiwa."

"Na sweta yako iko wapi?"

"Voi."

Benchi lote likacheka, na shemeji akacheka kuliko wote. Nikaona kikohozi changu kimefanya kazi. Majibu yalikuja polepole, kila mtu kwa wakati wake, na yalikuwa mema. Shemeji hakuwa na ugonjwa. Binti aliyejifungua hakuwa nao, na mtoto pia. Neema ya Mungu, kila mtu akasema, na shemeji akasema ndiyo, lakini neema haichemshi maziwa.

Ng'ombe alichukuliwa nikiwa bado huko. Asubuhi hiyo shemeji alimkama, maana kiwele kikijaa kinauma na ng'ombe hana kosa. Akayabeba hadi shimo nyuma ya banda, akayamwaga. Kwao maziwa hayamwagwi. Mtoto akimwaga tone anapigwa kelele nyumba nzima. Alimwaga ndoo yote akiwa amenyooka, akarudisha udongo juu kwa jembe, kisha akaenda kumshika ng'ombe pua mwenyewe mpaka akapandishwa gari. Ng'ombe hakupiga kichwa. Mimi sikuombwa kusaidia.

Baada ya hapo niliporudi Voi tulikuwa tukisikia habari zake kwa simu. Banda tupu. Vibuyu vimeangikwa. Watu wanamsalimia barabarani vizuri, lakini hakuna anayeingia. Mke wangu akimuuliza kama ana upweke, anajibu kwamba sasa analala mpaka jua litoke kama shemeji yake wa Voi, na si vibaya.

Ndipo nikafanya jambo ambalo mke wangu bado analieleza kwa majirani kana kwamba nilipaa: nilipanda Mghange bila kutumwa. Nilimkuta jikoni akijaribu maziwa ya kununua. Alikuwa ameyachemsha, ameyapoza mpaka yakawa vuguvugu, na ameyatia kijiko cha mala ya paketi kama mbegu, huku akiitazama ile paketi kama mkwe asiyemtaka. Yalikuwa yameshikana. Si kama yale ya zamani. Lakini kijiko kilisimama.

Hatujamaliza kuonja, mlango ukapigwa hodi. Alikuwa yule mama wa ng'ambo ya bonde, na kidumu cha maziwa kiunoni.

"Binti yangu wa kumzaa naye amejifungua," akasema. Hakuketi. "Ng'ombe wangu alipimwa, hana kitu. Nimejaribu mwenyewe kugandisha ya kuchemsha, yamekuwa maji."

Shemeji akapokea kidumu.

"Ungeenda kwa wengine. Wengi wanagandisha."

"Hao wengi, sijui kama wakikosea watanifuata kuniambia." Akavuta kigoda, akaketi mbele ya jiko. "Ila uyachemshe nikiwa naona."

Shemeji akamimina maziwa sufuriani, akaniamuru nisogeze kuni na niondoe miguu yangu njiani. Tukaketi watatu, tukiyatazama, mpaka yakaanza kutetemeka pembeni, yakapanda, akayashusha kwa mwiko, yakapanda tena.

"Umeona?" akauliza.

"Yaache kidogo," mama yule akasema.

Akayaacha kidogo.