Mkono wa Koleo Hauachii

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ni fundi rangi, na mtaa mzima unamwita Koleo. Jina alilirithi kwa baba yake, pamoja na ngazi, burashi na upara wa mbele. Ukimpa mkono, jiandae: mtasalimiana, mtaulizana habari za watoto, mtaagana, na mkono wako bado anao. Vidole vyake hufunguka polepole, kimoja kimoja. Mtu mwingine angeona aibu. Ukoo ule ulijivunia.

"Mtu wetu akishika kitu, ameshika," husema, huku kope zimemlegea kama ameamshwa sasa hivi. Baba yake aliwahi kung'ang'ania ngazi iliyokuwa inaanguka, wakafika chini wote wawili, na ngazi bado ameishika. Alivunjika bega. Mpaka leo kisa hicho kinasimuliwa kama ushindi.

Kila asubuhi kabla ya kazi, Koleo alikunja na kukunjua vidole mpaka vikalainika. Dada akimwambia aende hospitali, lawama zote zilikwenda kwa thina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi. "Ni mambo ya kazi haya. Kila kazi na sumu yake." Lakini binti yake, ambaye hajawahi kushika burashi, naye vidole vyake vilikuwa vikinasa kwenye mpini wa ufagio. Hapo thina haikutajwa. Hapo Koleo alicheka na kusema damu nzito kuliko maji.

Kwao, mtoto akizaliwa, mkubwa wa ukoo humtia kidole kiganjani. Akikibana, ni wa kwao. Kwa hiyo binti alipoolewa na karani mpole mwenye viganja laini, Koleo alimbandika jina Pamba, akangoja mjukuu aje kusahihisha mambo.

Mjukuu alikuja, wa kike, bila kulia. Tulimkuta ndani ya sanduku la kioo, mpira puani, kinywa wazi, miguu imelala huku na huku. Hakuweza kunyonya. Koleo alinawa mpaka kwenye viwiko, akaingiza kidole chake katika kile kiganja kidogo. Tukasubiri. Kiganja hakikufumba.

"Huyu si wetu," akasema. "Huyu kalegea upande wa Pamba."

Aliyasema hayo mbele ya binti yake, ambaye hata kusimama vizuri alikuwa hajaweza. Nilitamani kumzaba kibao, shemeji au si shemeji. Binti aligeukia ukutani. Pamba alivitazama viganja vyake, akavitia mfukoni.

Ndipo akaingia daktari, mama wa makamo asiye na haraka. Daktari alimtazama mtoto kwa macho tu. Mkono alimpa binti.

"Hongera, mwanangu. Haya, niachie."

Binti akahangaika, kidole kimoja, kingine. Daktari akamgeukia babu mtu. "Na wewe, baba?"

Koleo alifurahi! Hatimaye amepatikana msomi wa kumtambua. Akaubana mkono wa daktari barabara.

"Achia, baba."

"Sisi hatuachii upesi, daktari. Ni ya ukoo."

"Naona," akasema daktari, mkono wake bado haujarudi. "Ni ugonjwa wa misuli. Yapo magonjwa ya misuli yanayompata mtu ukubwani, kwa dawa fulani, kwa tezi, au kinga ya mwili ikigeuka kuila misuli yenyewe. Wenu si wa hivyo. Wenu unarithiwa, na mara nyingi kila kizazi unawahi zaidi na kuwa mkali zaidi, hasa ukipitia kwa mama. Wewe ulikukuta mtu mzima. Huyu umemkuta tumboni. Mtoto huyu ni wenu kuliko nyinyi wote."

"Mbona hakushika?"

"Wachanga wenye ugonjwa huu huanza kwa kulegea. Kukaza kutakuja baadaye, akikua. Kwanza tuombe avuke."

Koleo aliketi. Kisha akasema, "Mkwe wangu, nisamehe," na karani akageuka kuangalia anaambiwa nani, kwa sababu jina hilo hakuwahi kuitwa.

Mtoto alivuka, ingawa kwa tabu. Koleo aliacha kazi za watu nusunusu, akawa anashinda pale na kidole chake, na habari za ukoo hazitaji tena. Mchana mmoja kiganja kikafumba. Kidogo tu, lakini kikafumba. Dada akapiga kigelegele, muuguzi akamnyamazisha. Koleo hakushangilia. Alikuwa amebana pumzi, na nilijua anasubiri nini.

Vile vidole vikafunguka, vyepesi, vyote pamoja.

"Ameachia!" Machozi yalimtoka waziwazi. "Shemeji, umeona? Ameachia!"

Nilikumbuka alivyosema daktari, kwamba kukaza kutakuja baadaye. Nikamwambia, "Nimeona, shemeji."