Kinywa Kinachonukia Karafuu

Hadi leo mtu akinisifia mafuta ya karafuu, humwacha amalize, kisha hubadilisha mazungumzo. Hadanganyi. Kwangu mimi yalifanya kazi vizuri mno.

Miaka ya hamsini, nikiwa mwari wa Kinondo, gego langu la chini lilioza. Niliposema niende hospitali Msambweni likang'olewe, mama aling'aka. Watu wa Majoreni walikuwa wanakuja kuniposa, naye hakutaka wanikute na shavu lililovimba na pengo mdomoni. Akachovya pamba katika chupa ya mafuta ya karafuu, akaishindilia kwenye tundu la jino. Iliniunguza hadi machozi yakanitoka. Baadaye maumivu yakatulia, na ile harufu mbaya ikaondoka.

“Waona?” mama akasema. “Limepona.”

Halikuwa limepona. Kila asubuhi, baada ya kupiga mswaki, alinitia pamba mpya.

Wageni wakaja. Mama wa mchumba akanivuta karibu, nikamwamkia shikamoo uso kwa uso. Akawageukia wenziwe.

“Mashallah! Kinywa chake chanukia karafuu. Huyu ni msichana msafi.”

Mama yangu akatabasamu. Nilimchukia kwa tabasamu lile, na bado sijamaliza kumchukia.

Arusi ikapita. Hata mwezi haukuisha, taya likavimba na usaha ukatoboa ngozi chini ya kidevu. Msambweni waling'oa gego na meno mawili ya kando yake. Daktari alinieleza bila kunikaripia: mafuta yale huua vijidudu yanavyovigusa, tena hutia ganzi, lakini usaha wangu ulikuwa kwenye mzizi, ambako hayafiki.

“Ungekuja mapema,” akasema, “ningeng'oa moja tu.”

Ningekuja mapema! Kana kwamba miguu ilikuwa yangu.

Mama mkwe hakutaka kusikia habari za mzizi. “Tumepewa mgonjwa aliyetiwa manukato,” alisema. Mwanawe, ambaye kinywa chake kilinuka tumbaku tangu alfajiri na hakuna aliyemkagua, akanipa talaka huku akitazama pembeni.

Nikarudi Kinondo na kovu langu. Mama alinipokea mlangoni, chupa ileile mkononi.

“Njoo nikutie kidogo, mwanangu. Patapoa.”

Nilimpokonya, nikaimwaga yote mchangani. Kwa siku kadhaa ua wetu ulinukia kama bibi arusi.