Natafuta Mahali, Si Mahari

Kwetu Warundi herufi L na R ni pacha ambao hata mama yao huwachanganya. Nimekulia kambini Tanzania, nimesoma shule ya kambi, nimechapwa fimbo za kutosha kwa ajili ya herufi hizo mbili, na mpaka leo nikichangamka zinabadilishana viti mdomoni mwangu. Siku moja mwalimu aliniuliza kwa nini siandiki. Nikasimama kwa adabu nikasema, "Mwalimu, sina karamu." Akaniangalia, akasema, "Hata mimi sina. Kambi hii nani ana karamu?" Darasa zima liliangua kicheko, na kwa miaka mitatu watoto walikuwa wakinipita njiani wakiuliza pilau itaiva lini.

Basi, katikati ya miaka ya 2010 tulikuwa tunaishi Buffalo, Lower West Side, ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao. Marekani tulishukia Louisville, tukahamia Columbus, mtaa wa Northland, kisha Buffalo. Kila mara kulikuwa na mtu aliyetuambia kule kazi ni nzuri zaidi, na mimi nina moyo wa kuamini haraka. Nilipata kazi Tonawanda, kiwanda cha maboksi. Upande wa pili wa mashine yangu alisimama Mnepali mmoja mfupi, mtu wa kucheka kwa mabega. Ukoo wake ulifukuzwa Bhutan, akakulia kambini Nepal kama mimi nilivyokulia Tanzania. Tulitambuana siku ya kwanza, wakati wa chakula, kila mmoja alipokunja mfuko wake wa plastiki na kuurudisha mfukoni badala ya kuutupa.

Yeye ni wa dini ya Buddha, mimi ni mtu wa kanisa, mwimbaji wa kwaya, sauti ya tatu. Siku moja kwenye mapumziko alinisimulia kwamba mahali alipozaliwa Buddha palipotea karne na karne. Msitu ulifunika kila kitu. Wasomi walipekua vitabu wee, hawakupata kitu, na kumbe wanakijiji wa pale siku zote walikuwa wakipaita Rummindei, kwa jina la mungu wao wa kike, bila kujua zaidi ya hapo. Ikaja kusomwa nguzo ya jiwe ya mfalme wa kale iliyosimama pale pale: ni hapa.

"Unajua jina lenyewe la vitabuni?" akaniuliza.

Nikalionja kwanza lile la kijijini, na mdomo wangu ukafanya kazi yake ya siku zote. "Lumindei," nikasema.

Akaacha kutafuna. "Rudia."

"Lumindei. Samahani, ndugu yangu, mimi na herufi hiyo..."

"Lumbini!" Akapiga meza, chai ikamwagika. "Linaitwa Lumbini! Umelinyoosha mwenyewe!"

Sikuelewa nilichofanya, lakini sijawahi kusifiwa kwa ajili ya L yangu, kwa hiyo nilisimama nikainama kama mtu aliyepewa medali. Tangu siku hiyo ukawa mchezo wetu. Ananitajia kijiji cha kwao, mimi nakipindua herufi, tunacheka mpaka msimamizi anatukazia macho.

Kumbe kwake haukuwa mchezo mtupu. Wiki moja baadaye aliniambia habari za mama yake, mzee aliyekuwa akiishi Columbus kwa binti yake, pale pale Northland, karibu na Morse Road. Mama huyo alizaliwa tambarare ya Nepal, kabla ya kuolewa Bhutan. Alipokuwa na miaka saba alishikwa na homa ya kufa. Mama yake mzazi akakimbilia kwenye tuta moja la matofali ya kale lenye mti mkubwa, mahali ambapo wazee walisema wafuasi wa Buddha walisali zamani sana, akaahidi: mtoto akipona, nitakuja kuwasha taa hapa. Mtoto akapona. Kabla taa haijawashwa, yule mama akafa kwa uzazi.

"Taa moja tu," rafiki yangu akasema. "Miaka sabini. Mama anasema mama yake alikufa na ahadi mkononi."

Sasa kaka yake wa Louisville alikuwa anasafiri kwenda Nepal Jumanne ijayo. Ukoo mzima ulijikamua kwa safari hiyo, safari nyingine haikuonekana hata kwa mbali, na yule mama alikuwa tayari anapumua kwa msaada wa mashine. Kilichokosekana ni mahali. Jina walikuwa nalo, Pipaldihi. Wameliandika kwenye ramani ya simu kila namna, na kila mara simu inawaletea hoteli mbili na duka moja mjini Kathmandu.

Mimi nikichemka nimechemka. "Jumamosi twende Columbus," nikamwambia. "Kuuliza si ujinga. Nataka kumsikia mama mwenyewe akilitamka."

Nyumbani mdomo ukaniponza. Nilimwambia mke wangu, naye ni Mkongomani wa Uvira, "Jumamosi naenda Columbus na yule Mnepali. Tunatafuta mahari."

Mwiko ukasimama hewani. "Mahari? Mahari ya nani? Donc, weye unataka kuoa bibi ya pili, na unakuja kuniambia mu kikoni yangu?"

"Mahari pa kale! Pa kuwashia taa!"

"Bon. Na taa yake utawasha!"

Binti yetu, bila kuinua macho kwenye simu yake, akasema kwa Kiingereza kwamba baba amechanganya tena. Mke wangu alikaa chini akacheka mpaka machozi yakamtoka, ugali ukashika chini ya sufuria. Tuliula hivyo hivyo. Jumamosi alinifungia mandazi ya safari, akanisimamisha mlangoni nitamke "mahali" mara tatu kabla ya kunipa.

Safari ya Columbus ni saa tano, ziwa Erie likiwa mkono wa kulia sehemu kubwa ya njia. Tulikuwa kama watoto waliotoroka shule. Yeye aliimba za kwao, mimi nikaitikia kwa sauti ya tatu bila kujua neno hata moja. Tulisoma vibao vya barabarani kwa makelele: Cattaraugus! Chautauqua! Ashtabula! Tukafika mto Cuyahoga tukashindwa wote wawili, kila mmoja akautaja kivyake.

"Haya ni majina ya nani?" nikamuuliza.

"Ya wenyeji wa kwanza. Walifukuzwa."

Kisha akaongeza, "Lakini angalia, waliowafukuza bado wanahangaika kuyatamka," na tukaanza kucheka tena.

Mama yao tulimkuta kwenye kochi, mwembamba, blanketi mabegani, mpira mwembamba wa hewa puani. Nilimwamkia kwa mikono miwili kama ninavyomwamkia mama yeyote. Akaniangalia sana, akauliza kitu, nao wakacheka. Aliuliza kama kweli mimi ndiye bwana anayepotosha majina.

"Ni mimi, Mama," nikasema. "Nimekuja kuyapotosha hapa."

Nilianza na rahisi. Pipal ni nini? Ni mti, wakaniambia, na binti yake akanichorea jani lake lenye mkia mrefu. Ni wa ukoo wa mikuyu. Basi nikaruka, maana hilo nalijua. Nikawaeleza kwamba Burundi ukiona mivumu mikubwa, ndiyo mikuyu ya kwetu, imesimama peke yake katikati ya mashamba, ujue hapo zamani palikuwa na ua wa mfalme au wa mkubwa fulani. Nyumba zimeoza, watu wamesahauliwa, mvumu upo, na kijiji kinaitwa Kivumu. Mwanawe alimtafsiria. Mama akanigonga goti kwa kidole, akitikisa kichwa kukubali.

"Na dihi?"

Watoto walisema ni kipande cha jina tu. Mama akawakatiza. Watu wa tambarare, akasema, huita dihi ule mwinuko ambao watu wa kale waliishi, ambapo ukilima jembe linagonga matofali. Watoto wake walikuwa hawajawahi kulisikia hilo. Walikuwa wamemuuliza jina, hawakumuuliza maana.

Hapo nilikumbuka ramani za kwetu. Mto wetu unaitwa Ruvyironza, Wazungu wakaandika Luvironza, na ukiutafuta kwa jina moja hulipati lingine. Nikasogea mbele ya kochi. "Mama, pipal ni neno la nani? La watu wa milimani kule Bhutan ulikoolewa au la wale wa tambarare? Wao wenyewe, wale wa kijijini, waliutajaje mti huo?"

Mama alifunika mdomo kwa blanketi. Nilidhani nimemkosea. Kumbe anacheka, mabega yakitikisika vile vile kama ya mwanawe.

"Pipara," akasema. Kisha akaeleza, kidogo kidogo, kwa pumzi aliyokuwa nayo, kwamba alipoolewa Bhutan wakwe zake walimcheka kwa lafudhi yake ya tambarare. Kila akisema pipara walimwigiza mbele ya wageni. Akajifunza kusema pipal, akarekebisha kila kitu, hata jina la kijiji chake.

Miaka sabini! Nilitamani kumkumbatia. Nilipiga kelele, "Ni R! Mama, ni R!" na naapa niliitamka sawasawa.

Rafiki yangu akaunganisha pipara na dihi, akaandika kwenye simu kwa ufupi, Pipradih. Zikatokea sehemu nne. Moja ilikuwa nchi nyingine kabisa, mbili hazina mto karibu. Ya nne hakutaka kumwonyesha mama, akamuuliza kwanza: "Mto ulikuwa upande gani?"

"Jua linapozama," mama akasema, akakunja mkono wake kuonyesha. "Unakata kona hivi, karibu na tuta."

Kwenye simu, magharibi ya duara moja dogo la kijani katikati ya mashamba ya pembe nne, mto ulikuwa umekata kona hivyo hivyo. Sijui nani alianza kupiga kelele. Mimi nilizunguka sebule nimeinua mikono kama niliyefunga goli, binti yake analia na kucheka, jirani anagonga ukuta, na mama katikati yetu anauliza, "Nini? Nini? Wapi?" kwa sababu kwa furaha yetu tulisahau kumwambia. Tulipompigia kaka mtu Louisville akasema tuongee polepole, mmoja mmoja, yeye hasikii kitu.

Alisafiri Jumanne, akafika pale kijijini Jumapili. Kwetu ilikuwa asubuhi, kwao jioni inaingia. Rafiki yangu alikuja nyumbani kwangu tuangalie pamoja kwa video ya simu, mimi nimeshavaa suti ya kwaya, mke wangu ameegemea bega langu. Kama Buddha aliwahi kupita pale mimi sijui, hakuna nguzo wala maandishi. Matofali lakini yalikuwepo, mapana, yametokeza kwenye udongo kila mahali. Mti wa zamani ulikuwa umeanguka, mwingine umeota humo humo kwenye matofali. Mama alikuwa kwenye kona ya simu, kutoka Columbus, amevaa nguo nzuri, nywele zimepakwa mafuta.

Kaka mtu aliweka kibakuli cha udongo juu ya tofali, akamimina mafuta, akalaza utambi. Kiberiti cha kwanza kilikataa, cha pili kikakataa. Cha tatu kikashika, na taa ikawaka, ndogo, wima. Sisi wote tulishangilia, mke wangu akapiga vigelegele vya Uvira mpaka nikaziba sikio.

Haikumaliza dakika moja. Upepo ulikuja kutoka mtoni ukaizima. Kaka mtu alipiga magoti, anaomba radhi, anahangaika na njiti, huku sisi huku tunampigia kelele ajikinge na koti, ageuke upande ule, afanye haraka.

"Iache," mama akasema.

Mwanawe akainua uso kwenye simu. "Mama, imezimika."

"Iache, mwanangu. Mama yangu ameshaiona."