Jazi ya Baba

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, mtaa wetu wote wa Bwiza wanalijua hilo, na barua ile kutoka Marekani niliipokea kwa matusi. Leo matusi yameniisha. Mtu wa kutukanwa katika habari hii ni mimi, na nitaieleza kama ilivyokuwa.

Nilipokuwa mdogo baba alipiga tarumbeta kwenye bendi ya mtaa wetu. Walikuwa watu watano, na bendi ilikuwa na jina la mtaa, kisha neno jazi. Kwetu jazi maana yake ilikuwa bendi, basi. Mkiwa na magita mawili, ngoma, mwimbaji na mtu wa kupuliza, nyinyi ni jazi, hata kama mnapiga rumba tangu arusi inaanza mpaka bibi arusi anasinzia. Hakuna aliyeuliza zaidi ya hapo. Mama alikuwa akituambia tuvae viatu haraka, jazi wameshafika, nasi tunatoka mbio.

Halafu vita vikaja. Wapiga gita waliuawa wote wawili katika wiki moja. Mpiga ngoma alivuka kwenda Kongo na hakusikika tena. Mwimbaji aliondoka asubuhi kwenda Carama kuangalia mihogo yake, hakurudi. Baba hakupata kusimama kwenye kaburi la hata mmoja wao. Tarumbeta aliiuza. Kilichobaki kilikuwa kaseti moja yenye nyimbo nane, na nakala nyingine haikuwepo kokote.

Mama alipofariki, baba akawa mtu wa msikiti asubuhi na jioni, na muziki akaufunga. Hakuna shehe aliyemwamrisha, ni yeye na moyo wake. Kisha figo zikaanza kumsumbua, akawa analala barazani mchana kutwa, na kaseti ile ikageuka mzigo. Hakutaka kukutana na Mungu huku muziki uko chini ya mto wake. Kuitupa nako hakuweza. Siku moja aliniambia polepole, uso ameuelekeza ukutani, "Mi nikiitupa hii, mama, ni kama nimewaua tena." Mama ndivyo alivyoniita tangu utotoni, kama baba wengi wa huku wanavyowaita binti zao.

Uani tulikuwa na mpangaji, mwalimu wa Kiingereza aliyekimbia kutoka Uvira kule Kongo, Mkristo wa kusali kwa sauti, na baba alimpenda sana. Yeye ndiye aliyeona kwenye simu yake kwamba kuna chuo kikuu Marekani chenye makumbusho na hifadhi ya muziki. Wanatunza kanda, picha, vyombo, hata barua za wanamuziki waliokufa zamani. Tukamwonyesha baba zile picha. Tarumbeta imelazwa ndani ya kioo, na jina la mwenyewe limeandikwa chini. Mwalimu akasoma kwamba wana jazi nyingi mno, na kwamba vyumba vyao vina baridi ili kanda zisiharibike. Baba akajiinua kwa kiwiko, mtu ambaye siku hizo hata kikombe nilikuwa namshikia. Akasema hao ni wenzetu, hao wataelewa. Akaniagiza niwaandikie majina matano, lake liwe la mwisho.

Siku mwalimu alipompeleka baba hospitali kule Kamenge kupimwa, mimi nikaweka simu mbele ya redio kaseti na kuanza kurekodi. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa vyombo vitupu, hakuna anayeimba. Ulipokwisha tu, redio ikaanza kutafuna utepe. Nikaizima upesi, nikauvuta utepe nje milimita kwa milimita, nikaurudisha kwa kuzungusha kalamu. Sikuthubutu kujaribu tena. Jioni waliporudi, mwalimu akanisaidia kutuma wimbo huo mmoja pamoja na majina. Baba nikamwambia nimewapelekea muziki wao kwa simu. Sikumwambia ni wimbo mmoja, wala yeye hakuuliza.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Mwalimu alinisomea tukiwa tumesimama penye bomba la maji. Waliandika kwa adabu sana. Walishukuru, walisema tarumbeta imewagusa, ila huu ni muziki wa rumba, si jazi, na wao wanatunza muziki wa Kimarekani. Huenda jina la bendi ndilo lililotuchanganya. Mwishoni kulikuwa na habari za mama mmoja wa chuo kingine anayekusanya muziki wa Afrika, ambaye angefurahi kuipata kaseti nzima. Lakini mimi masikio yalishafunga kwenye lile "si jazi". Ala! Nani kawaambia neno hilo ni lao peke yao? Watu wamekufa na jina hilo, leo mtu amekaa kwenye kiti cha kuzunguka ananiambia tumechanganyikiwa.

Baba akauliza kutoka barazani, wanasemaje. Mwalimu akafungua mdomo. Nikamtangulia.

"Wamepokea, baba. Wameiweka."

Akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa sauti ndogo, tena na tena, mpaka nikaingia ndani nisimsikie.

Mwalimu alinifuata jikoni akanigombeza. Alisema mlango halisi umefunguliwa, wa yule mama, na mimi nimeupita kwa sababu ya kiburi. Nikamwambia anyamaze. Kesho ningeipeleka kaseti mjini kwa fundi mwenye mashine nzuri, arekodi nyimbo zote nane, tumtumie yule mama, na uongo wangu ungegeuka kweli bila baba kujua. Ulikuwa mpango mzuri. Ulitaka jambo moja tu, niende asubuhi. Lakini asubuhi vitenge vipya vilikuwa vimeingia, wateja wamejaa mlangoni pa duka langu, nikasema niuze kwanza, fundi hahami. Nikauza mpaka alasiri.

Niliporudi nilisikia harufu ya plastiki tangu kwenye lango. Baba alikuwa amekaa chini karibu na mbabula, jiko letu la makaa, sijui alijikokotaje mpaka pale. Utepe wote alikuwa ameuvuta nje kwa vidole, akauchoma kidogo kidogo, akamalizia na ganda lake. Hakuutupa jalalani. Aliuchoma kama tunavyochoma kurasa zilizochanika zenye maneno ya Mungu, ili mtu asije akazikanyaga. Vidole vyake vilikuwa vyeusi, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyetoka kuoga. Akanieleza kwamba maadamu wenzake sasa wako kwa wale watu, mahali pa baridi, hapa kwetu hawana kazi tena. Sasa anaweza kwenda.

Nikakaa chini pale pale na mzigo wangu wa vitenge mgongoni. Ndani ya simu nilikuwa na wimbo mmoja tu, usio na sauti ya mwimbaji. Nilitaka kumpigia kelele baba yangu mgonjwa, Mungu anisamehe. Nilitaka kujipiga mwenyewe. Mwalimu alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake, akageuka akaingia ndani.

Baba akauliza kama wamewekwa pamoja au wametengwa. Nikamjibu pamoja. Akauliza kama majina yameandikwa sawasawa. Nikasema ndiyo. Akajifuta vidole kwenye kikoi.

"Na yule wa Carama?" akauliza. "Sauti yake ilisikika vizuri?"

"Vizuri, baba," nikamwambia. "Wanasema ndiyo waliyoipenda kuliko zote."