Kimeo Kilichoogopa Wembe

Huku kwetu Kwaluguru mtoto akikohoa siku tatu, hatafutwi daktari. Kinatafutwa kimeo. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, ambacho kila binadamu anacho, kwetu kimebeba makosa yote. Mtoto asiponyonya ni kimeo, akitapika ni kimeo, akikonda ni kimeo. Nadhani hata mahindi yakikauka shambani, siku moja watayafungua mdomo wayatazame.

Mtoto wa dada yangu alikuwa na miezi minane alipoanza kukohoa. Mimi na dada tunaishi kwa shangazi yetu, na shangazi ndiye msemaji wa nyumba. Siku ya nne alimlaza mtoto mkekani, akamkandamiza ulimi kwa mpini wa kijiko, akawasha tochi ya simu. Majirani wawili wakainama naye.

"Mnakiona?" akauliza. "Kimelala juu ya ulimi kabisa."

"Kirefu," akasema mmoja.

"Kirefu mno," akasema wa pili, ingawa hakuonekana kuona chochote.

Wote watatu wakakubaliana, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutazama koo la mtoto asiyeumwa akapata cha kulinganisha.

Mimi nilikuwa natazama chini zaidi, kifuani. Mwezi uliotangulia nilimpeleka mtoto huyo kliniki kupimwa uzito, na ukutani palikuwa na karatasi ya maelezo. Niliishia darasa la saba na nasoma polepole, kidole kikifuata maneno. Foleni ilikuwa ndefu, kwa hiyo niliisoma mpaka mwisho. Ilisema mtoto mwenye kikohozi akipumua harakaharaka, au sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani anapovuta hewa, apelekwe kituoni siku hiyohiyo. Kifua cha mtoto wetu kilikuwa kinabonyea.

"Shangazi, kifua chake," nikaanza.

"Kifua kinafuata koo. Nyie wa darasa la saba mna mambo."

Yeye aliishia la nne. Mimi ni mtu wa haya. Neno langu likikatwa mara moja halichipui tena.

Akaitwa mzee anayekata vimeo, anayezunguka vijiji vyetu kwa baiskeli. Zana zake hukaa kwenye kopo la maziwa ya unga: waya uliokunjwa ncha, na kipande cha wembe kilichofungwa kwa uzi kwenye kijiti. Akavisuuza katika chupa ya maji ya majani, maji yaleyale aliyotoka nayo kijiji cha jirani. Kisha akaufuta wembe kwa pindo la koti lake. Usafi ukawa umekamilika.

Desturi inasema mama mzazi asiwepo, eti machozi yake huita damu. Dada alikuwa ameshafukuzwa nyuma ya nyumba, amejiziba masikio kwa kanga. Mtoto hupakatwa na mtu mwingine, mikono imebanwa, kichwa kimeegemezwa nyuma. Bila mtu wa kushika, hakuna kazi.

"Nani anashika?" mzee akauliza.

Shangazi akanionyesha kwa kidevu. "Huyu. Hana maneno."

"Ndiye ninayemtaka. Wenye midomo hutetemeka mikono."

Majirani wakacheka. "Shikamoo, mzee," nikasema, kwa kuwa sikuwa na jingine la kusema.

"Marahaba, mjukuu. Kaza vizuri. Usipokaza nitakata ulimi, halafu mtanisingizia."

Ulikuwa utani wake, na wakaucheka pia. Nikampakata mtoto. Mgongo wake ulikuwa kifuani pangu, nikahisi anavyohema mbiombio kama kifaranga kilichonyeshewa. Pumzi hiyo ilikuwa haimtoshi, na huyu mzee alitaka kumwongezea damu kooni. Waya ukakaribia. Neno sikuwa nalo, lakini miguu nilikuwa nayo. Nikasimama na mtoto mikononi, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikamwambia dada, "Chukua kadi ya kliniki."

Akaifuata ndani mbio. Nadhani alikuwa anangoja tu mtu ampe amri nyingine.

"Haya, akifa ni juu yako," shangazi akasema nyuma yetu.

Kule zahanati, muuguzi alimfunua mtoto nguo, akahesabu pumzi dakika nzima huku akitazama saa. Akasema ni nimonia. Dada akauliza habari ya kimeo. Muuguzi akachungulia. "Kipo, na kibaki hapohapo. Hata mimi ninacho." Akampa kidonge cha kwanza palepale, kimeyeyushwa kwenye maji. Akatuagiza tumalize vyote hata akipata nafuu, tumnyonyeshe mara kwa mara, turudi baada ya siku mbili. Na akikataa kunyonya au akizidi kuhema, tusingoje siku hizo.

Wiki haikuisha, mtoto akawa anamnyang'anya shangazi kijiko. Shangazi akapata maelezo yake. "Kimeo kiliona wembe, kikaogopa, kikajirudi chenyewe." Watu wazima, wanaojua kumkagua ng'ombe mnadani hadi meno, wakaitikia kwa vichwa. Shangazi akamtumia ndugu yake wa Kilole habari hiyo kwa ujumbe wa sauti wa simu, na sasa mzee anaitwa mpaka huko Korogwe mjini.

Majuzi alirudi kwetu kwa ajili ya mtoto wa jirani, yule wa "kirefu mno". Shangazi akaniita nikashike, kwa kuwa sina maneno. Nilikwenda. Nikampakata mtoto, nikamfungua vifungo vya shati, nikamtazama kifua. Kisha, mama yake akiwa hajafukuzwa bado, nikamnyooshea mkono, anipe kadi ya kliniki.