Nilivyousimamisha Msafara wa Mkuu wa Mkoa

Nianze na aibu yenyewe, ili anayetaka kucheka acheke mapema tuendelee. Kijijini kwetu vijana wa bodaboda wakipishana nami mchana kweupe huwasha hazadi, zile taa za pembeni zinazopepesa zote kwa pamoja, kisha hupita taratibu, uso wameukaza, kama watu walio kwenye msafara mzito. Mimi huwapungia mkono. Nifanye nini, na mmoja wao ni mpwa wangu, na nilipomshtaki kwa mama yake (dada yangu wa tumbo moja) yeye mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini.

Mimi ni fundi wa redio na mkulima wa zabibu. Shule niliishia darasa la saba, lakini kusoma sikuacha. Umeme nimejifunza kwa kufungua vitu na kuvifunga, na mambo ya serikali kwa kusikiliza redio za wateja zinazochelewa kuchukuliwa. Ndiyo sababu nilichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya maji, na watu wakaanza kuniita Injinia, nusu kwa heshima, nusu kwa kejeli, na mimi nilikuwa naisikia ile nusu ya kwanza tu.

Shida yetu ilikuwa hii. Kisima kirefu kilishachimbwa, maji yapo, pampu imefungwa, tangi limesimama juu ya mnara wake limepakwa rangi ya bluu linapendeza, lakini tone halitoki, kwa sababu nguzo za umeme ziliishia kule njia panda ya lami, kwenye duka la Mzee Jumanne. Kina mama wakawa wanaendelea kwenda korongoni kufukua mchanga na kuchota maji kwa kata, na njia yao ya kwenda inapita kwenye kivuli cha lile tangi jipya. Mke wangu alikuwa akipita hapo ananiambia, "Injinia, kivuli chako kizuri, kinatupunguzia jua." Nilikwenda ofisi hii na ile, nikajibiwa kwa adabu kila mahali, na adabu haivuti maji. Nikajiapiza kwamba lazima mtu mkubwa alione lile tangi kwa macho yake.

Basi wiki moja Mtendaji wetu wa kijiji, binti mdogo aliyetoka chuo si zamani, akanionyesha kwenye simu yake ratiba ya siku ya Mkuu wa Mkoa. Ilikuwa imetumwa kata nzima kwa sababu Mheshimiwa alikuwa anakwenda kufungua maabara ya sekondari katika kijiji cha jirani, upande wa Hombolo. Niliomba niisome kwa utulivu. Nakiri niliipenda ile ratiba. Asubuhi anapokea taarifa ya usalama, kisha anasikiliza wananchi wenye kero, kisha kikao kifupi na wataalamu, kisha safari, kisha maabara, chakula, majumuisho, kurudi ofisini kusaini majalada. Kila jambo lina saa yake. Nilijiona nasoma siku ya mtu anayefikiri kama mimi. Sisi kijiji chetu hatukuwamo kwa jina. Tulikuwa ndani ya lile neno moja, "safari".

"Mwenyekiti, hatumo," Mtendaji akasema.

"Tumo," nikamwambia. "Anapita mbele ya tangi. Anachohitaji ni sababu ya kusimama."

Na sababu kwetu ni moja, ni ngoma. Gari la kiongozi halipiti kwenye ngoma ya Kigogo iliyokwisha kutanda barabarani, kina mama wanacheza, vigelegele vinapanda. Hata dereva awe na haraka vipi atapunguza, na akipunguza mkubwa atashusha kioo, na akishusha kioo mimi nipo na kipaza sauti. Nikaenda kwa Mama Nyemo, kiongozi wa kikundi cha ngoma, mwanamke mwenye sauti ya kuita mbuzi kutoka mlima wa pili. Akakubali, ila akaweka neno lake.

"Kwanza tuone sura ya mgeni, ndipo tupige."

"Mama Nyemo, tukingoja sura atakuwa ameshapita. Tunaanza tukiona vumbi."

"Ratiba za wakubwa ni za kuandikwa tu, shemeji. Atakuja saa aitakayo."

Nikamweleza kwa utaratibu kwamba huyu ni mtu wa saa, na kwamba nimeshapiga hesabu ya mwendo kutoka mjini mpaka mbele ya tangi. Hapo ndipo penye uamuzi wenyewe, mdogo kama punje ya mtama: tuanze na vumbi, tusingoje sura. Yote mengine yalizaliwa na huo.

Siku ikafika. Mzee Jumanne, ambaye ni Mrangi wa Kondoa na duka lake linatazama lami, nilimpa kazi ya kunipigia simu magari yakikata kona. Sisi tulikuwa barabarani mapema, kina mama na njuga zao, ngoma zimeanikwa juani zikaze, mimi na suti yangu ya harusini (inabana) na kipaza sauti cha mkono nilichokifufua mwenyewe kutoka kwa mafundi waliokikatia tamaa. Kilikuwa na kasoro moja, swichi yake ya kuzimia ilikuwa nzito. Watu walikuwa wananitania, ratiba, ratiba, Injinia, jua hilo linapanda. Halafu, kwenye saa ileile niliyoipiga hesabu, simu ikaita.

"Mwenyekiti, assalaam aleikum. Magari meupe yamekata kona. Marefu, kama ya serikali. Yanawasha taa zote, hata hazadi."

Ningeweza kumwuliza kama mbele kuna gari la polisi. Ningeweza kumwuliza kama ameona bendera kwenye boneti, maana gari la Mkuu wa Mkoa lina bendera na mimi nalijua hilo kuliko mtu yeyote pale. Sikuuliza. Nilikata simu, nikamtazama Mama Nyemo, nikainua saa yangu ya mkononi aione. Naomba mkumbuke huo mkono ulioinuliwa.

Vumbi likaonekana. Ngoma zikalia. Kina mama wakajaa barabarani mabega yanacheza, vigelegele vikapaa, na magari yakapunguza, yakapunguza, yakasimama mbele yetu kabisa, vumbi lake likatufunika wote kiasi kwamba sikuona kitu zaidi ya weupe na taa zinazopepesa. Sikungoja litulie. Nikawasha kipaza sauti, nikaanza na salamu ya Kigogo.

"Mheshimiwa mgeni wetu, mbukwenyi! Karibu sana. Siku hii tumeisubiri kwa hamu kubwa. Ujio wako umetujaza furaha isiyo na kifani, na ombi letu la kwanza ni kwamba usiwe na haraka, ukae nasi, maana wengi hupita hapa na hawarudi."

Mlango wa gari la mbele ukafunguliwa. Akashuka kijana mwenye kitambaa cheusi mkononi. Vumbi likawa linashuka taratibu, na nyuma yake nikaona gari la pili lililo wazi nyuma, na juu yake shada la maua, na msalaba wa mbao, na wanaume wameketi pande mbili wameshikilia jeneza.

"Shikamoo mzee," akasema yule kijana kwa upole kabisa. "Hapa tuna msiba."

Nikasema, "Mungu wangu, ni maiti." Nilidhani nimeyasema moyoni. Kipaza sauti kikayafikisha mpaka sekondari. Nikabonyeza swichi, haikuzima; nikabonyeza tena, kikapiga mluzi ule wa kuumiza masikio; nikakikumbatia kifuani kukizima kama mtu anayeziba mdomo wa mtoto kanisani, na kijiji kizima kikasikiliza moyo wangu unavyodunda. Ngoma moja ya pembeni, ya mzee asiyesikia vizuri, iliendelea kulia peke yake mpaka akashikwa mkono. Mama Nyemo hakunitazama. Alivua njuga zake akaziweka chini, akajifunga khanga kiunoni.

Kioo cha gari la mbele kikashuka. Alikuwa mama mtu mzima, amejitanda kitenge cheusi, macho mekundu. Nilijua ni mjane kabla hajasema, nikaenda pale dirishani nikiwa tayari kupiga magoti juu ya suti yangu.

"Mama, tusamehe. Tulidhani ni mtu mwingine. Tulikuwa tunamngoja Mkuu wa Mkoa."

Akauliza, "Mnajua mume wangu alikuwa nani?"

"Hapana, mama."

"Alikuwa dereva wa serikali. Alistaafu, tukawa tunakaa Nzuguni, leo tunamrudisha kwao, hapo mbele. Barabara hii ameipita na wakubwa wangapi. Alikuwa akirudi nyumbani ananiambia, leo ngoma ilipigwa, mama, lakini walimpigia wa nyuma." Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Leo mmempigia yeye. Msinyamaze basi. Msindikizeni."

Mama Nyemo aligeuka akawaambia wenzake kwa Kigogo, na ngoma ikaanza upya, si ile ya kucheza, ni nyingine ya chini chini, ya kutembelea, na kina mama wote wakalifuata jeneza kwa miguu, na wazee nyuma yao, na watoto, mpaka barabara ikabaki na watu wawili, mimi na Mtendaji, na tangi.

"Mwenyekiti," akasema, "na Mheshimiwa?"

"Tutamsimamisha sisi," nikasema. Siwezi kueleza kwa nini niliamini hivyo.

Tukangoja, jua likatupiga. Alipokuja alikuwa ameshachelewa, gari la polisi mbele, bendera, kila kitu mahali pake. Nikasimama katikati ya barabara nikainua mikono, mtu mmoja mwenye vumbi na suti iliyobana amekumbatia kipaza sauti. Polisi akapiga king'ora, nikaruka pembeni, wakapita. Mimi nikachukua baiskeli ya Mtendaji (ya kike, ina kikapu) nikawafuata.

Msinicheke hapo. Nilikuwa na akili yangu. Kwetu msiba haupitwi njiani, na mbele yao barabara nzima ilikuwa imejaa msiba unaokwenda kwa miguu. Hata mwenye king'ora atazima king'ora. Na kweli, niliwakuta wamesimama kule bondeni, Mkuu wa Mkoa ameshuka, yupo dirishani anampa mjane pole, watu wametulia. Nikafika nahema, baiskeli ikanianguka, na kile kipaza sauti kikapiga mluzi tena.

Mheshimiwa akageuka. "Pole sana, mzee. Wewe ni nani wa marehemu?"

Kila jicho la kijiji lilikuwa kwangu. Uongo mmoja mdogo ungenifaa, ningesema jirani. Lakini nilikuwa nimechoka na mambo madogo.

"Si ndugu yake, Mheshimiwa. Mimi ndiye niliyewasimamisha kwa ngoma, nikidhani ni wewe."

Mjane alianza kucheka, kwanza kama anakohoa, kisha akacheka kabisa huku machozi yanamtoka, akisema, "Angekuwa hai angekwenda kuwasimulia wenzake gereji nzima," na ndipo watu wengine wakajiruhusu.

"Ulikuwa unanisimamishia nini?" akauliza Mheshimiwa.

"Tangi la maji, Mheshimiwa. Umelipita sasa hivi. Ni la bluu. Lina kila kitu isipokuwa umeme."

"Nimeliona. Nikadhani linafanya kazi."

"Kila mtu hudhani hivyo."

Akatazama jeneza, akanitazama mimi. "Hapa si mahali pake, mzee. Njoo Jumatano asubuhi, saa ya kusikiliza wananchi. Usilete ngoma."

Nilikwenda. Nilikaa kwenye benchi na suti ileile, na ile saa ya kero, iliyo nadhifu sana kwenye ratiba, ilianza karibu na adhuhuri, kwa sababu kabla yangu kulikuwa na mama mwenye mgogoro wa shamba na Mheshimiwa hakumkatisha. Zamani ningekasirika. Siku hiyo nilikaa nikangoja sura. Nguzo zimeshafika mbele ya tangi sasa, nimezikagua mwenyewe moja moja. Waya bado. Jumatano ijayo narudi, na ile inayofuata kama itabidi, na mke wangu amesema hataacha kunishukuru kwa kivuli mpaka aone maji.

Lakini kupiga ngoma kwa vumbi, hapana, sirudii. Ratiba ilinipa saa, na kwa saa hiyo magari yakaja kweli; haikuniambia ndani yake kuna nani. Siku hizi magari meupe yakitokea kule kona, nikiwa shambani au kibandani kwangu, kwanza navua kofia. Halafu ndipo natafuta bendera.